Mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa gari ukiwa na mzazi wako: maswali ninayoulizwa sana

Tangu nimpeleke mama kijijini kwao Sigunga, kusini mwa Kigoma, kwa gari, watu wananiuliza maswali yale yale, wengine wana baba, wengine shangazi, wengine bibi aliyewalea na wanataka kumrudisha akaone alikozaliwa kabla miguu haijagoma. Nimeyaandika yote hapa kwa utaratibu wowote uliokuja kichwani.

Kwani Kigoma kuna pwani?

Bahari hamna, sisi tunasema mwambao, na anayedhani ni kitu kidogo hajasimama ufukweni Katonga, hapa Kigoma, jioni. Ziwa lina urefu wa kama kilomita 670, linaanzia Burundi mpaka Zambia, kina chake kinafika mita 1,470 na duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Upana ni kama kilomita 50 hivi kwa iyo hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo imejipanga ng'ambo, hewa ikiwa chafu unaona maji tu mpaka yanapokutana na mbingu. Na kwa vile sisi tuko upande wa mashariki wa ziwa, jua linazama mbele yako kabisa.

Njia ni ipi hasa?

Hapa ndo watu wengi wanapotea kwa sababu wanaangalia ramani wanaona ziwa refu wanadhani kuna lami inalifuata kando mwanzo mwisho. Haipo. Ukitaka kwenda kusini kwa barabara kubwa unapita Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, unapita hata ndani ya hifadhi ya Katavi, safari nzuri sana ila ziwa lenyewe hulioni mpaka uchepuke kuteremka Karema au Kipili, au ufike mwisho kabisa kule Kasanga karibu na maporomoko ya Kalambo.

Ile ya mwambao wenyewe ni ya Simbo, Ilagala mpaka Kalya. Unatoka Kigoma, Simbo ndo inapoanza, unafika Ilagala unavuka mto Malagarasi, afu unaendelea Sunuka, Sigunga, Herembe, Igalula, Buhingu. Siyo kila saa ziwa liko pembeni, kuna sehemu unaingia ndani kwenye michikichi na mihogo, unakaa nusu saa huoni maji, unapanda kilima kimoja halafu linatokea lote kwa mpigo chini yako. Mama kila likitokea alikua anasema "hilo" basi, neno moja, kama anamwona mtu anayemjua.

Nina IST, gari dogo la chini, itafika?

Kiangazi utafika mbali kuliko watu wanavyokutisha, masika usijaribu. Mimi nilienda na Noah, iko juu kidogo, nilikwaruza chini mara mbili tu. Kuelekea Buhingu na Kalya tafuta gari ya juu yenye four wheel na uulize kwanza madereva wanaopita huko kila wiki, maana mvua moja inabadilisha kila kitu, daraja dogo la miti likienda na maji ndo basi hamna njia nyingine.

Speya uikague mwenyewe kwa mkono wako. Mimi fundi aliniambia imejaa upepo nikamwamini, tumepata pancha baada ya Sunuka naishusha iko kama chapati, mama amekaa kwenye kivuli cha mwembe anaangalia bila kusema kitu, ikabidi kijana wa bodaboda aibebe akaijaze kijijini, tumekaa pale saa mbili na nusu. Jeki, spana ya kufungulia nati, pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, maji ya rejeta, usiache hata kimoja. Mafuta jaza full tanki Kigoma, huko mbele utapata ya chupa na galoni tu na huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Msimu gani mzuri?

Mvua zetu zinaanza kama Novemba zinaisha Aprili au Mei. Wengi wanasema njoo kiangazi, Juni mpaka Septemba, na kwa barabara ni kweli. Ila Agosti na Septemba watu wanachoma moto misitu na mashamba, hewa inajaa moshi na Kongo huioni kabisa, na upepo wa kusini unachafua ziwa. Mimi napenda mwisho wa Mei na Juni, barabara imekauka, majani bado kijani, milima inaonekana mpaka mikunjo yake.

Kitu kingine cha kujua, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na nchi zote nne zinazolimiliki zilikubaliana. Kwa iyo uliza kwanza kama limefungwa, maana mzee aliyeota dagaa wabichi miaka ishirini ukamfikisha kipindi hicho atasikitika.

Mama yangu ana miaka 70 na kitu, presha, magoti. Ataweza?

Ataweza ukikubali kwenda mwendo wake. Hili ndo swali muhimu kuliko yote na naomba ulisome taratibu. Mimi nilikua nimepanga siku moja kwenda, siku moja kukaa, siku moja kurudi, nikajiona nimempa heshima. Tumefika Ilagala amevimba miguu, nikashtuka. Kumbe mtu mzima akikaa masaa matatu bila kunyoosha miguu damu inakusanyika miguuni. Kuanzia pale tukawa tunasimama kila baada ya kama dakika arobaini au saa, anashuka, anatembea mpaka kwenye mti na kurudi, anakunywa maji, tunaendelea. Safari ikawa siku tano badala ya tatu na sijutii hata moja.

Kiti cha mbele ni chake, mkanda afunge, mto mdogo mgongoni na kitenge kimoja cha kukunja chini ya mapaja. Dawa ziwe kwenye mkoba anaoshika mwenyewe, sio kwenye buti, na beba za siku tano zaidi ya ulizopanga. Kabla hamjaondoka mpitishe hospitali apimwe, mwambie daktari kabisa mnaenda wapi na njia ikoje. Wazee wengi hawanywi maji njiani kwa sababu wanaogopa kusumbua watu kwa choo, utamwona anakwambia "mi sina kiu", hapana, ana kiu.

Na choo je?

Kuchimba dawa porini kwa kijana ni rahisi, kwa mama mwenye magoti mabovu sio rahisi hata kidogo, na hatakwambia. Fundi seremala wa mtaani kwetu Mwanga nilimpa kiti cha plastiki akakitoboa katikati, kinawekwa juu ya shimo la choo au popote, nikabeba na kitenge cha kuzungushia, ndoo ndogo na sabuni. Nilimkabidhi dada yangu amweleze yeye, sio mimi, maana kuna mambo mama hazungumzi na mtoto wa kiume. Ukiweza nenda na mdogo wako wa kike au binamu, itamsaidia sana.

Mnaondoka saa ngapi?

Wa Dar wanashangaa hili, huku saa 12 asubuhi bado giza, jua linachomoza kama saa moja na linazama kama saa moja jioni, kwa sababu tuko magharibi kabisa ya nchi na saa ni ile ile ya Dar. Ondokeni saa moja kamili. Na saa kumi na mbili jioni uwe umeshajua mnalala wapi, usiku usiendeshe, giza ni nene, kuna ng'ombe, kuna watu wanatembea bila tochi, kuna lori limeharibika katikati ya njia halina hata tawi la kuonya.

Pantoni ya Ilagala inasumbua?

Inategemea siku. Sisi kwenda tulisubiri kidogo tu, kurudi tulisubiri karibu saa tatu kwa sababu ilikua na hitilafu. Uliza watu wa Ilagala kabla, kila mtu anajua kama inafanya kazi. Gari inapopanda washushe abiria wote, hata mzee, mshike mkono ateremke kwa miguu, ni kwa usalama wake.

Ila msiione pantoni kama kero, shukeni muutazame huo mto. Malagarasi unaanzia huko juu milimani upande wa Burundi, sio mbali sana na ziwa, lakini haushuki moja kwa moja, unazunguka kaskazini na mashariki, unapita nchi ya Waha, unaingia kwenye lile bwawa kubwa la matete ambalo mwaka 2000 liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, la kwanza kwa Tanzania, afu ndo unageuka magharibi unarudi kwenye ziwa hili hili. Pale Ilagala ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, umetulia. Mamba wapo, asishuke mtu kunawa ukingoni.

Mzee wangu sio muongeaji, tutaongea nini njia nzima?

Usipange cha kuongea. Mama yangu kutoka Kigoma mpaka Ilagala hajasema maneno hamsini, mimi nikawa naweka redio nazima, naweka nazima, nauliza hili nauliza lile ananijibu "ndio baba" basi. Kwenye pantoni akashika chuma cha pembeni, akanyoosha kidole upande wa mdomo wa mto akasema pale ndo walipomzika kaka yake. Miaka yangu yote 38 sijawahi kusikia kwamba mama alikua na kaka. Alikua na miaka kumi na mbili, mtumbwi ulipinduka, wakampata siku ya tatu, wakaogopa kumsafirisha wakamzika kando ya mto kwa watu wasiowajua na wale watu wakakaa matanga nao siku tatu. Alinieleza yote mpaka tukafika ng'ambo, na watu wanapiga kelele tutoe gari na mimi sikuweza kuiwasha mpaka amalize.

Baada ya hapo hakunyamaza. Hii mito ya wapi inaitwaje, nani alikua na shamba wapi, mwarobaini upi ulipandwa na nani. Nadhani ni kwa sababu kwenye gari hamuangaliani usoni, wote mnaangalia mbele, na mahali penyewe panamkumbusha, wewe huna haja ya kumchokonoa. Kwa iyo redio zima, simu weka pembeni, akinyamaza mwache.

Naweza kumrekodi?

Muombe ruhusa. Mimi nilimuomba akasema sawa, nimerekodi kwa simu, na kosa nililofanya ni kuacha dirisha wazi, nusu ya maneno yamemezwa na upepo. Fungeni vioo hata kama kuna joto.

Njiani mnakula nini?

Migebuka! Hao ni samaki wa ziwa letu, wa kukaanga au wa kukausha kwa moshi halafu wakaungwa na mawese, na ugali wa muhogo, hamna kingine cha kutafuta. Ukibahatika kupata samaki anaitwa kuhe, mkubwa, mbichi, nunua, akina mama wa vijijini ukiwapa na hela kidogo wanakupikia hapo hapo. Mawese kama mzee ana presha asizidishe na chumvi ipunguzwe, mwambie mpishi mapema kabla hajaweka. Chai ya asubuhi beba chupa yako na mihogo ya kuchemsha, vibanda vinachelewa kufungua.

Dagaa wanaovuliwa usiku tutawaona?

Kama ziwa halijafungwa na hakuna mbalamwezi, ndio. Wavuvi wanafuata taa, mwanga unavuta dagaa juu, mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu kwa iyo wengi wanapumzika. Panga safari yako siku za giza. Usiku ukikaa ufukweni unaona taa zimetapakaa mpaka mbali kama mji umejengwa juu ya maji. Asubuhi wanaanikwa mchangani na kwenye chanja, wanang'aa kama sarafu. Mama alipiga magoti, yale magoti mabovu, akaanza kuwageuza na mkono wa kulia pamoja na wale wanawake bila kuulizwa, na walimpisha nafasi kama alikuwepo jana.

Kuoga ziwani ni salama?

Maji ni masafi kwa macho lakini karibu na vijiji na penye matete kuna kichocho, na karibu na midomo ya mito kuna mamba. Waulizeni wenyeji wanaoga wapi na muoge hapo. Mama yeye alitaka kunawa uso tu na kutia miguu, nilimshika mkono maana mawe yana utelezi. Mjue pia kwamba miaka hii ziwa lilipanda sana, sehemu nyingi za ufukwe zilizokuwepo zamani zimemezwa, mzee akikwambia "hapa palikua na uwanja" na wewe unaona maji, hajachanganyikiwa, ni kweli palikua na uwanja.

Ujiji inafaa kusimama?

Inafaa na ni karibu, anzeni nayo siku ya kwanza mkiwa bado na nguvu. Pale ndo Stanley alimkuta Livingstone, Novemba 1871 kwa hesabu za Stanley mwenyewe, kuna mnara na miembe na makumbusho. Ila mimi naomba mkitoka pale mtembee na mitaa, muangalie nyumba za zamani, maana Ujiji ndo ilikua mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, watu waliletwa kutoka Kongo wamefungwa na kuvushwa hapa hapa kwenye maji haya, na wajukuu wa waliobaki ni majirani zetu. Wazee wa Ujiji wanalijua hilo vizuri, mkae nao barazani.

Gombe na Mahale tunaweza kupitia?

Gombe hakuna barabara, ni boti kutoka Kibirizi hapa Kigoma, kama kilomita 16 kaskazini. Sokwe wenyewe wanafuatwa milimani na ile milima imesimama, Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipokuja 1960 alikua na miaka 26. Mzee mwenye magoti abaki ufukweni au msiende. Mahale ni ya sokwe pia, iko kusini, mlima wake Nkungwe una mita 2,462, na humo ndani wanatembea kwa miguu. Mkiwa mmefika Buhingu mtakua mnaiona mbele yenu, kwa mama yangu kuiona ilitosha.

Si bora meli tu? Liemba?

Ningependa sana, lakini MV Liemba imekaa muda mrefu nje ya safari kwa matengenezo, kwa iyo ulizia bandarini kabla hujamwahidi mzee. Usimpitishe hivi hivi bila kuisimulia, watu wa mwambao wameoa, wamezikana na kusoma kwa sababu ya hiyo meli. Wajerumani waliiunda Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande kwa makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma, 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiinua 1924 na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vijiji vingi havikua na gati, meli inasimama majini inapiga honi, mitumbwi inakimbilia, unapandishwa na mbuzi wako na kuku wako. Mama alipanda hivyo akiwa na mimba yangu, usiku, na yule aliyemvuta mkono juu hakuwahi kumjua jina.

Natokea Tabora, nianzie wapi?

Kwa gari ni Urambo, Kaliua, Nguruka, unavuka Daraja la Kikwete Malagarasi, unafika Uvinza, halafu Kigoma. Simama Uvinza ununue chumvi, ile ya chemchemi za pale pale, watu wanaichemsha tangu karne na karne. Kama mzee hawezi gari muda mrefu mpandishe treni, reli iko mpaka Kigoma tangu 1914, analala kitandani, wewe unakuja na gari mnakutana stesheni.

Tulale wapi na tubebe zawadi gani?

Ilagala kuna gesti za kawaida. Mbele ya hapo ni kwa ndugu au kwa watu watakaokupokea, fika kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, hiyo ni adabu na ni usalama. Mama aliniandikia orodha: sukari, majani ya chai, sabuni za mche, viberiti, doti za khanga kwa shangazi wawili. Mimi nikaona hela inatosha. Tulipofika nikaelewa, hela ungempa mmoja, sukari inagawiwa nyumba kumi na mbili kwa vikombe na kila nyumba wanakuja kusalimia. Neti ya mbu msiache.

Netiweki?

Inapatikana na kukatika. Waambie nyumbani wasipaniki msipopatikana nusu siku, na hela taslimu beba, usitegemee wakala.

Dagaa na mawese nitarudije navyo bila kuharibu gari?

Dagaa wakaushwe kabisa, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, funga na tepu. Mawese dumu lisijazwe mpaka juu, weka nailoni chini ya kifuniko, lisimamishe na lifungwe kamba kwenye kiti. Letu lilianguka kabla ya Simbo, kapeti ya nyuma mpaka leo ina doa jekundu, nimeosha mara tatu. Mama kila akipanda anaangalia lile doa anauliza Kasanga tunaenda lini. Tumepanga Juni, speya nimeshanunua mpya na upepo nimepima mwenyewe.